Pikipiki Niliyoiweza

Binti yake Onchari alinipigia simu mchana, nikiwa nimekaa barazani na kikombe changu cha kahawa, akajitambulisha kwa Kiswahili cha Nairobi kinachokwenda mbio. "Mzee Salim? Mimi ni mtoto wa Onchari, yule mlikuwa mnafanya na yeye kazi ya ng'ombe. Baba ametuacha." Nikamwambia pole mwanangu, nikasikia sauti yangu mwenyewe imekuwa ndogo. Akasema watamzika Suneka wiki ijayo, kisha akacheka kidogo katikati ya kilio. "Baba alikuwa anasema wewe ulikataa kununua pikipiki na yeye. Kila Krismasi lazima aseme." Loo, maisha yote haya, na yule bwana bado alikuwa akinishtaki kwa wanawe! Basi nimeshinda hapa kutwa nikiufikiria mwaka ule mmoja, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilipokuwa kijana mwembamba wa pwani niliyepelekwa Magwagwa, kule milimani Kisii, kupandisha ng'ombe wa watu. Mwaka ule sikutaka cheo wala sikutaka mali. Nilitaka mtu wa kukaa naye, na huyo ndiye aliyenishinda kumpata.

Kazi yenyewe nieleze, maana vijana wa leo hawaijui. Serikali ilitaka ng'ombe wa maziwa waenee kule milimani, na badala ya kuzungusha madume, ikatuzungusha sisi. Kila asubuhi tulipita barabara ile ile na mtungi wa mbegu, mtungi wenye baridi kali hata ukiufungua unatoa moshi, na mkulima ambaye ng'ombe wake ameshika joto alimleta kando ya barabara, penye uzio mdogo wa miti wa kumbania asigeuke, akangoja. Joto la ng'ombe halina subira. Likipita limepita, na mwenye ng'ombe atakaa majuma matatu akilitazamia tena. Watu walituita Dume ya Serikali. Wanawake waliomleta ng'ombe walinigeuzia mgongo nikianza kuvaa ile glavu ya kufika begani. Akiwepo baba na binti yake, mmoja lazima aondoke, kwa kuwa Wagusii wana heshima zao kati ya mzazi na mtoto, na jambo kama lile hawalitazami pamoja. Kwa hiyo nilitazamwa kwa mbali na kushukuriwa kwa mbali, na hakuna aliyenipa mkono. Mkono upi? Hata ningekuwa mimi nisingeupokea.

Onchari ndiye aliyenifanya nisirudi kwetu mwezi wa kwanza. Tulikuwa wahudumu wawili, yeye na njia yake na mimi na njia yangu, na tulipanga chumba kimoja nyuma ya nyumba ya Mzee Mogaka, mzee wa kanisa la Wasabato. Ukuta wa udongo ulitutenganisha na sebule yake. Chumba kilikuwa na vitanda viwili vya mbao, jiko la mafuta ya taa, na dirisha lililotazama migomba. Kila alasiri mvua ilishuka juu ya mabati hata tukawa tunasemezana kwa mikono. Baridi, wallahi, sitaki hata kuikumbuka; nilikuwa nalala na koti. Mama Kemunto, mke wa mzee, alituletea ugali wa wimbi na chinsaga, ile mboga yao chungu ambayo huipika taratibu na maziwa. Mimi niliyezoea samaki wa kupaka nilikuwa naitafuna huku machozi yananilenga. "Kula, bwana," Onchari aliniambia. "Hiyo ndiyo blanketi ya ndani." Jioni familia ilisali upande wa pili wa ukuta, wakaimba, kisha wakazungumza Kigusii chao kwa sauti za chini, na Onchari, amelala chali na mikono chini ya kichwa, alinifasiria. Sasa wanauliza kama Mswahili ameoga. Sasa mama anasema Mswahili atakonda afe hapa tupate kesi. Sijui alikuwa akitunga kiasi gani. Nilicheka, na nikicheka upande wa pili wa ukuta nao ulinyamaza.

Gari la ofisi lililokuwa likitupeleka njiani lilikufa kabla ya mvua za masika, likavutwa hadi Kisii na halikurudi. Mkubwa wetu akatuita, akasema ofisi itatukopesha, kila mtu ajinunulie pikipiki, na asiyeweza kuendesha arudi ofisini apange mirija ya mbegu. Nikatazamana na Onchari. Hakuna kati yetu aliyewahi kuendesha kitu chenye injini. Yeye alikuwa na baiskeli ya kubebea ndizi, na mimi baiskeli yangu niliijulia Malindi, mahali ambapo kilima kikubwa kuliko vyote ni daraja la mtaro.

Bwana Jivan, Mhindi mmoja mwenye duka la baiskeli na vipuri pale Kisii mjini, alikuwa na pikipiki mbili za kuuza. Moja ilikuwa ya Kiingereza, kubwa, nyeusi, iliyoachwa na mzungu aliyekuwa na shamba upande wa Sotik akarudi kwao. Tanki lake lilikuwa pana, mabomba yanang'aa, kiti kirefu cha ngozi cha kukaa watu wawili bila kubanana. Onchari aliweka kiganja juu ya tanki akakiacha hapo.

"Salim," akasema, "hii si pikipiki. Hii ni ndoa."

Kisha akanivuta kando, karibu na matairi yaliyoning'inia, akanieleza shauri lake. Alikuwa amelifikiria njia nzima, nadhani. Tuunganishe mikopo yetu miwili tununue pikipiki moja. Yeye aendeshe, mimi nikae nyuma nimekumbatia mtungi. Tutaanza njia yangu alfajiri, tumalize na yake, turudi nyumbani pamoja. "Wewe unashika dume, mimi nashika usukani. Nani atatuweza?" Alikuwa anacheka, lakini macho yake yalikuwa yakinisihi.

Nilitamani kusema ndiyo. Leo nikiwa mzee naweza kulisema wazi: nilitamani sana, si kwa ajili ya pikipiki, bali kwa ajili ya ile kurudi nyumbani pamoja. Nikaomba kwanza niikalie. Ncha za vidole vya miguu ndizo zilizogusa sakafu, visigino vyote viko hewani. Nikaiegemeza kidogo tu niujue uzito wake, nayo ikataka kulala chini kabisa, mpaka Onchari na Bwana Jivan na mteja mmoja wakaidaka. Nikajaribu kuiwasha. Kiki ikanirudishia teke la muundi, nikakaa chini palepale juu ya gunia la misumari. Bwana Jivan akasema, "Taratibu, Bwana Salim, hii lazima ijue wewe kwanza." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilikuwa naifikiria barabara ya Magwagwa baada ya mvua.

Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho nimewaambia vijana wengi tangu siku ile, na hawasikii. Watu huuliza pikipiki inakimbia kiasi gani. Mimi nilijiuliza, ikizimika katikati ya mpando, udongo mwekundu umelowa na kuteleza, mguu wangu utafika chini? Ikianguka, nitaiinua bila msaada? Kazi yetu ilikuwa ya kusimama na kuondoka, kusimama na kuondoka, kila penye ng'ombe, tena mteremkoni, tena na mtungi ambao ukipasuka umemaliza kazi ya mwezi. Pikipiki ya kwanza huichagui kwa siku utakayopita sokoni watu wakakushangilia. Unaichagua kwa siku utakayoanguka nayo, na siku hiyo ipo. Na kukaa nyuma ya mtu ambaye naye hajui, je? Ningekuwa nimenunua kuanguka kwa watu wawili.

Ile ya pili ilikuwa ya Kijapani, ndogo, nyekundu, na injini yake ililia kama cherehani. Nikaikalia, nyayo zangu zote mbili zikatua sakafuni, nikasikia mgongo umelegea. Nyuma hakukuwa na kiti. Kulikuwa na keria fupi ya chuma, na mtungi wangu ulienea pale sawasawa. Nikaishika, nikailaza ubavu sakafuni taratibu, Bwana Jivan akidhani nimerukwa na akili, kisha nikaiinua peke yangu. Nikarudia tena. Onchari alinitazama amefunga mikono kifuani.

"Unanunua pikipiki," akasema, "ama unanunua baiskeli yenye kifua kikuu?"

"Hii ndiyo nitakayoiweza."

"Na mimi?"

Nikamwambia naye achague atakayoiweza. Lilikuwa jibu la haki na lilikuwa jibu baya. Niliona uso wake ukijifunga, akageuka akaenda kusimama mlangoni, akatazama barabara kama mtu anayengoja gari.

Ndugu zake walimchangia, akainunua ile kubwa. Jamani, alianguka yule! Aliangukia migomba ya watu, akaangukia ua la shule, akaungua mguu kwenye ekzosi mpaka Mama Kemunto akampaka asali. Lakini mwezi haukuisha kabla hajaijua, na akawa anaipanda kwa namna ambayo mimi sikuifikia maisha yangu yote, kifua wazi, ameinua kidevu. Mimi nilijifunza uwanjani, pole pole, siku nzima gia ya kwanza na ya pili tu. Nilijifunza kuachia klachi kwa kuhesabu pumzi, kukanyaga breki ya nyuma kabla ya kugusa ya mbele, na kufuata mfereji wa gurudumu la gari badala ya kupigana nao. Nilianguka mara kwa mara, na kila nilipoanguka niliinuka nikaiinua. Nilijisifu sana moyoni, kisha nikarudi chumbani nimsimulie Onchari, naye akasema, "Hongera, fundi wa cherehani," akageukia ukutani. Mvua za masika zilipokatika aliomba ahamishiwe upande wa Suneka, kwao, na wakamkubalia. Siku ya kuondoka alifunga godoro lake nyuma ya kile kiti kirefu. "Salim, sina ubaya na wewe," aliniambia. "Lakini mtu hawezi kulala chumba kimoja na mtu anayeogopa kukaa nyuma yake." Nilisimama pale nimeshika kamba iliyobaki, hata sikumwambia kwaheri inavyopasa.

Basi ukaanza upweke wenyewe. Kitanda cha pili kilibaki mbao tupu, nikaweka juu yake sufuria ili kisionekane kitanda. Aliyeletwa kushika njia ya Onchari alikaa Nyamira kwa shemeji yake, tukawa tunaonana ofisini tu. Upande wa pili wa ukuta maneno yaliendelea jioni zote, na sasa hakuna wa kunifasiria. Nilijua watu wanacheka, sijui wanacheka nini. Nilijua wananitaja, maana "Mswahili" nililisikia, kisha likafuatwa na mambo marefu. Nilizoea kukoroga chai muda mrefu ili kuwe na sauti chumbani. Mzee Mogaka mwenyewe alikuwa mtu mrefu asiyekunja uso wala kuukunjua. Asubuhi alinisalimu, "Salimu, umeamuka?" nami nikajibu nimeamka mzee, shikamoo, naye akaenda zake, na hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu ya kutwa. Alikuwa hakai popote na mtu. Hata wageni wake waliketi wima kama wako kwa daktari.

Siku mbaya kuliko zote ilikuwa Jumamosi. Ijumaa ilikuwa yangu, lakini msikiti ulikuwa Kisii mjini. Jumapili ilikuwa ya Wakatoliki ng'ambo ya mto. Jumamosi ukingo wetu wote, huu upande wetu wa mto, ulikuwa wa Wasabato, na tangu jua la Ijumaa lizame mpaka la Jumamosi lizame hakuna aliyeshika jembe, hakuna aliyewasha jiko, wala hakuna aliyeleta ng'ombe barabarani. Lakini ofisi haikuwa na sabato. Nilitakiwa nipite, nami nilipita. Nilisimama kwenye kila uzio, nikazima, nikangoja hapo na mtungi wangu, nikisikiliza nyimbo zinazotoka kanisani kule juu, nikawasha nikaenda uzio mwingine. Hakuna hata mbwa aliyenibwekea. Nilikuwa nasema peke yangu, nakwambia. Nilikuwa naisemesha pikipiki.

Ijumaa moja ya mwezi wa nane, jua linakaribia kuzama, nilimsikia ng'ombe wa Mzee Mogaka analia vile wanavyolia wakishika joto, na upande wa pili wa ukuta Mama Kemunto anasema kwa kasi na mzee anajibu neno moja moja. Sikuhitaji mfasiri. Ng'ombe yule alikuwa ameshapitwa mara mbili, na zote mbili joto lilimshika siku ya Sabato. Mama alikuwa anataka maziwa, mzee alikuwa na Mungu wake. Kisha nikasikia mlango, na kwato zikienda barabarani. Asubuhi, nilipofika kwenye uzio wa kwanza, ng'ombe alikuwa pale, amefungwa kwa kamba ya mgomba, amewekewa majani ya kula, na hakuna mtu. Nilitazama huku na huku. Nikaita hodi kama mjinga. Ndipo nikaelewa. Aliyemfunga alimfunga kabla jua halijazama, kwa hiyo hakufanya kazi siku ya Sabato. Ng'ombe si muumini. Na mimi ni Mwislamu, kazi yangu haihesabiwi kanisani kwao. Nikacheka mpaka nikashika miti. Nikamhudumia, nikampapasa shingo, nikaenda zangu. Jumapili mzee akaniuliza, "Salimu, umeamuka?" nikajibu nimeamka, na hakuna aliyesema lingine.

Jumamosi zilizofuata wakaongezeka. Ng'ombe mwekundu kule kwenye kona, mweusi kwa mwalimu mmoja wa shule, mwingine karibu kabisa na kanisa, kila mmoja amefichwa kwenye migomba ya kwao, na kila mwenye ng'ombe, nina hakika, akidhani ni yeye peke yake katika ukingo mzima aliyepata njia hiyo. Hawakupita barabarani wakienda ibadani, walishuka kwa vijia vya mashambani, kwa hiyo hawakuonana. Ni mimi tu niliyewajua wote. Mahali pagumu palikuwa mbele ya kanisa, kwa sababu limejengwa kichwani mwa mteremko na madirisha yake hayana vioo. Pale nilizima injini, nikaweka miguu tayari, nikaiacha ile ndogo iteleze kimya mpaka chini. Kwa jinsi ilivyokuwa nyepesi iliteleza bila kuguna. Watu ndani walikuwa wamefumba macho katika maombi, nami napita nje na mtungi wa dhambi zao. Nilijiona nimeaminiwa. Lakini kuaminiwa kusiko na uso ni chakula kikavu. Nilikuwa nahudumia ukingo mzima na sijui hata mmoja wao anacheka vipi.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza Onchari aliponitembelea. Nilimsikia kabla sijamwona, ule mngurumo ukipanda kutoka bondeni, nikatoka nje na sabuni usoni. Alikuwa amenenepa. Alinikumbatia, akaniita fundi wa cherehani, akakitazama kitanda chake chenye sufuria juu yake. Ilikuwa Jumamosi.

"Leo unaenda njia?" akauliza.

"Naenda."

"Leta mtungi. Sasa najua kuendesha. Utakaa nyuma ama bado unaogopa?"

Nilikaa nyuma. Nilikaa nyuma ya Onchari na mtungi mapajani, na sijawahi kufurahi kama nilivyofurahi asubuhi ile, hata siku ya harusi yangu nilikuwa na wasiwasi zaidi. Yeye alinipigia kelele habari za Suneka, mimi nilimpigia kelele habari za ng'ombe wa siri, naye akacheka mpaka pikipiki ikayumba. Tulisimama, akamshika ng'ombe mkia, nikafanya kazi, tukapanda tena. Nilikuwa na mtu. Furaha ile ndiyo iliyonisahaulisha kumwambia azime injini pale juu.

Tulipita mbele ya kanisa katikati ya ombi la kimya. Nilipoliona tu bati lake nikampiga mgongoni, nikapaza sauti, "Zima! Zima!" lakini nani azime kitu kizito kama kile kwenye mteremko wa tope na breki za yule mzungu? Mngurumo uliingia kwa madirisha yote. Nikatazama nyuma, watu walikuwa wanatoka, kwanza vijana, kisha akina mama na vitambaa vyao vyeupe, kisha mchungaji mgeni aliyekuja siku ile kutoka mjini. Walitutazama sisi, na baada ya kututazama sisi wakaitazama barabara. Kutoka pale juu unaona ukingo wote. Ng'ombe mwekundu alikuwa anaonekana, na mweusi, na yule wa karibu alikuwa mbele yao kabisa, analia. Alikuwa wa Mzee Mogaka, yule yule, maana mbegu ya mwezi wa nane haikuwa imeshika. Mama Kemunto alikuwa amemfunga pale juu safari hii, penye majani zaidi.

Yaliyofuata nilisimuliwa na yule mwalimu. Mchungaji aliuliza, "Hiyo ng'ombe ni ya nani?" Wenye ng'ombe wote walikuwa pale, na wote walitazama viatu vyao. Angeweza naye kutazama viatu vyake. Mzee Mogaka akasema, "Ni yangu." Mchungaji akauliza na ile nyekundu, na ile nyeusi? Viatu vikatazamwa tena. Basi wakamwondoa yeye peke yake kwenye uzee wa kanisa, wakamwambia akae benchi la nyuma mpaka watakapoona ametubu. Onchari aliondoka siku ile ile kabla ya mvua, bado anacheka, akaniambia kwamba nikikubali kuuza cherehani nimfuate Suneka. Hakujua. Mambo ya mzee sikumwandikia baadaye, na nadhani alikufa akijua ile kama asubuhi ya mzaha tu.

Juma lile lote nilingoja kufukuzwa. Nilifunga hata sanduku. Mzee aliniuliza asubuhi kama nimeamka, nikamjibu, akaenda zake, hata nikaona heri angenitukana. Wale wengine hawakumkanyagia nyumba yake; waliogopa, nadhani, asije akawataja. Jumamosi nilipita njia yangu na ile ndogo, na hakukuwa na ng'ombe hata mmoja. Nilirudi mapema. Nikaegesha, nikaingia, nikakaa kitandani na koti langu. Ndipo mlango ukagongwa.

Alikuwa Mzee Mogaka mwenyewe, amevaa suti yake ya ibada, ameshika bakuli la ugali baridi wa jana yake na kibuyu cha maziwa ya mgando. Nikaruka nikaondoa sufuria kwenye kile kitanda kitupu, akaketi juu ya mbao. Alikitazama chumba kama ambaye hakukijenga yeye.

"Mzee," nikasema, "ni sisi tuliokuharibia. Ni ile pikipiki."

"Pikipiki haikufunga ng'ombe," akasema.

"Lakini ungenyamaza kama wengine."

Akafikiri. "Ilikuwa inaniangalia," akasema. "Ile ng'ombe. Mimi nimeifuga kutoka ndogo. Nitasema sio yangu?"

Tukala. Hakuwa na maneno mengi ya Kiswahili, wala mimi sikuwa na ya Kigusii ila ya salamu, kwa hiyo tulikuwa tunatafuna tu. Baada ya muda akauliza, "Wewe unakaaga hivi kila Sabato?"

"Ndiyo, mzee."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Nani atakaa na Dume ya Serikali?"

Sikukusudia kulia, lakini nililia, mtu mzima na tonge mkononi, nikageuza uso dirishani. Hakunibembeleza. Alinimiminia maziwa. Kisha akasema, akiitazama mikono yake, "Leo kanisani hakuna mtu alinisalimia. Hata mmoja. Nilikuwa benchi ya mbele miaka mingi, nilikuwa nafikiri wananiheshimu. Kumbe pia huko mbele nilikuwa peke yangu, ni vile tu sikugeuka niangalie."

Hatukusema tena jambo kubwa. Aliniuliza kama ni kweli bahari ni chumvi yote, hata katikati. Nikamwambia ndiyo, ni chumvi yote. Akaona ni hasara. Mvua ilikuja ikapiga mabati, ikapita, mwanga ukawa mwekundu kwenye migomba, kisha jua likazama. Sabato ilikuwa imekwisha na ng'ombe walikuwa wanangoja kukamuliwa. Mama Kemunto akamwita kutoka uani kwa Kigusii, mara moja, kisha tena kwa sauti kubwa zaidi. Mzee Mogaka hakuinuka. Akamjibu kwa Kiswahili, yeye ambaye sijawahi kumsikia akisema Kiswahili na mke wake, na alikuwa ananitazama mimi alipokuwa akimjibu.

"Ngoja," akasema. "Niko na mtu."